Ufunguo wa Baiskeli ya Dresa

Siku tatu za mwanzo za likizo ya Agosti sikupata usingizi wa maana, kwa sababu ya swali moja. Mtu aliyekuponya amekuomba umfichie siri. Miaka imepita, na sasa siri ile inamdhuru mwenyewe. Je, unaivunja, au unaendelea kuitunza? Niliigeuza hivi, nikaigeuza vile. Nina digrii, na chuoni nilifundishwa kwamba kila jambo lina pande mbili. Bahati mbaya muhula ulikwisha kabla hatujafundishwa namna ya kuchagua upande.

Mtu mwenyewe tulimwita Dresa. Jina alikuwa nalo, bila shaka, lakini katika mji wetu mdogo wa Kwanza, nje ya Kitale, hakuna aliyelitumia. Alikuwa amefunga vidonda vya watu katika zahanati kwa miaka mingi, na hiyo ndiyo kazi ya dresa. Alipostaafu akabaki na kazi moja tu, aliyoifanyia nyumbani kwake mkabala na posho mill, ile mashine ya kusagia mahindi: kutoa nta katika masikio yaliyoziba.

Nilipofika nyumbani kutoka Bungoma, ambako nafundisha, Mama hata hakungoja niweke begi chini.

"Dresa ameisha," alisema. "Hasikii tena. Juzi lori ya mahindi imempigia honi mpaka dereva akachoka, na yeye yuko katikati ya barabara na baiskeli yake, anaendesha tu kama bwana harusi."

"Ameenda hospitali?"

"Amekataa. Anasema amefanya kazi na hao watu, anajua watamwambia ni uzee. Na si ni uzee? Kijana yake wa Moi's Bridge anakuja kumchukua. Si Jumapili hii, ile ingine. Nyumba itafungwa, baiskeli ipewe mtu."

Ilikuwa Alhamisi. Kila mtu pale Kwanza alikubali kwamba ni uzee. Mimi peke yangu nilijua kuna kitu kingine ambacho huenda kilikuwa kimeyaziba masikio ya Dresa, na nilikuwa nimeahidi kutokisema.

Nieleze kwanza alivyokuwa, maana bila hivyo hofu yangu itaonekana ya kijinga.

Mgonjwa alipofika kwa Dresa, hakuulizwa jina wala umri. Aliulizwa, "Uliweka nini huko ndani?" Swali hilo halikuwa na njia ya mkato. Usipolijibu, hakuligusa sikio lako. Ulionyeshwa benchi lililokuwa chini ya upenu, ukakaa hapo na wenzako wanaokataa ukweli, mkitazamana na foleni ya watu wa posho mill.

Namkumbuka mkulima mmoja, mtu mzima mwenye koti la mvua, aliyesema hakuweka kitu. Akaonyeshwa benchi. Baada ya saa nzima akaita, "Dresa, mimi niko na ng'ombe ya kukamua!"

"Enda ukamue. Sikio litakungoja."

Mtu yule hakwenda. Alikaa, akavuta koti, akakohoa. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Ilikuwa bisibisi."

"Kubwa ama ndogo?"

"Ile ndogo. Ya redio."

"Asante kwa kuhurumia ubongo," Dresa alisema, na benchi zima likacheka, hata wale ambao zamu yao ya kukiri ilikuwa inakuja.

Utotoni nilidhani anapenda kuwaaibisha watu. Baadaye nilielewa kwamba swali lile lilikuwa nusu ya tiba. Kijiti cha kiberiti huacha kichwa chake ndani. Unyoya wa kuku hukatika. Mafuta ya taa huunguza ngozi. Pini ya nywele inaweza kutoboa ngoma ya sikio, na sikio lililotoboka, au linalotoa usaha, halitiwi maji hata kidogo. Hao aliwaandikia karatasi na kuwatuma hospitali kubwa ya Kitale, bila mjadala. "Mimi ni wa nta," alisema. "Hiyo ingine ina wenyewe."

Na aliiheshimu nta. Ukimwambia umekuja kutolewa uchafu, alikasirika. "Nta si uchafu, nta ni askari wa geti. Anakamata vumbi, anakamata wadudu, halafu anatoka nje pole pole mwenyewe. Wewe ndiye umemsukuma askari mpaka akaangukia mlango, sasa unalia ati mlango haufunguki."

Mimi nilifika kwake nikiwa darasa la nane, muhula wa mtihani. Sikio la kulia lilikuwa limeziba wiki mbili, kisha likaanza kuuma, maumivu mazito yaliyoshuka mpaka kwenye taya. Mwalimu aliposoma imla, nilisikia nusu ya sentensi na kubuni nusu iliyobaki. Hata wakati huo nilikuwa na kipaji cha kuhangaika: nilijiona kiziwi, nimefeli, nimebaki nyumbani nikipura maharagwe hadi kufa. Niliyawaza haya yote wala sikumwambia mtu, mpaka Mama aliponiita mara tatu nikiwa nimempa mgongo.

"Uliweka nini huko ndani?" Dresa aliniuliza.

"Sikuweka kitu."

"Benchi."

Nilikaa. Mama alinitazama, nikatazama chini. Nilipima mambo yote: nikisema ukweli nitachapwa, nisiposema nitakuwa kiziwi, na nikiwa kiziwi sitasikia hata nikigombezwa, jambo ambalo lilikuwa na faida yake. Mwishowe maumivu ndiyo yaliyoamua.

"Kifuniko cha biro," nilisema.

"Hicho ambacho nyinyi watoto wa shule hutafuna?"

"Ndiyo."

"Ulianza kutafuna ama ulianza na sikio?"

Dresa alimgeukia Mama kwa uso wa huzuni kubwa. "Mama, huyu wako amekuwa akikula sikio yake."

Hakunisafisha siku hiyo. Hapo ndipo wengi walipomlaumu, kwamba mtu analia kwa uchungu na yeye anampa chupa ndogo ya mafuta ya zeituni na kumwambia arudi baada ya siku tano. Matone matatu, yakiwa vuguvugu, umelala kwa ubavu, asubuhi na jioni. Ukirudi siku ya tatu ukidai umepona au umeshindwa kuvumilia, alikutuma nyumbani umalizie mbili. Nta kavu, alisema, ukiisukuma na maji itakwaruza kila mahali. Nta iliyolala kwenye mafuta hutoka yenyewe, kama mgeni aliyegundua kwamba chai imekwisha.

Siku ya tano aliniweka kwenye kigoda, taulo begani, na kunipa bakuli la chuma nilishike mwenyewe chini ya sikio. Kila mgonjwa alijishikia bakuli lake. Alisema mtu mwenye kazi mkononi hasogezi kichwa. Kisha akapima maji kwa upande wa ndani wa mkono wake, pale juu ya kiganja, halafu akapima kwenye mkono wangu, akayavuta kwa bomba la chuma lililofanana na la sindano.

"Ya baridi yatakuzungusha kama pia. Ya moto yatakuunguza. Nataka maji ambayo sikio halitajua yameingia." Alikuwa akitangaza kila hatua kama mtangazaji wa mpira. "Sasa navuta sikio juu na nyuma, hivi, ndio njia inyooke. Sasa bomba linaangalia juu, kwenye ukuta wa sikio, si katikati. Katikati kuna ngoma, na ngoma haipigwi. Ukisikia uchungu inua mkono, tutaacha. Polepole. Polepole."

Maji yaliingia kwa kishindo, kama mvua ya mawe juu ya mabati. Mara ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna. Ya tatu, kitu kikaanguka ndani ya bakuli, cheusi, kama punje ya haragwe. Na papo hapo posho mill ikanguruma. Ilikuwa ikinguruma tangu asubuhi, tena ng'ambo ya barabara tu, lakini kwangu ilikuwa imezimwa kwa wiki mbili. Nilianza kulia.

"Sasa unalia nini?" Dresa aliuliza. "Ama unataka nikurudishie?"

Nilifanya mtihani. Niliisikia kila sentensi ya mwalimu mpaka mwisho wake. Sisemi kwamba Dresa ndiye aliyenifikisha chuo kikuu, lakini kila ninapofikiri juu ya njia ile, naona bakuli la chuma mwanzoni mwake.

Hakuwa malaika. Alikuwa mtu wa makelele, na jambo lililotushangaza sote ni kwamba mtu aliyefungua masikio ya nusu ya Kwanza hakujua kusikiliza. Ulianza kueleza, akamalizia sentensi yako, tena vibaya. Ulimsalimia "Mulembe," akakueleza habari za baiskeli yake. Mama alisema, "Huyu anafungua masikio ya watu ili wamsikie yeye." Alihubiri uvumilivu wa siku tano lakini kanisani aliondoka kabla ya wimbo wa mwisho, kwa sababu nyimbo zetu, alisema, zina beti za wavivu. Malipo aliyataka kwa mahindi mabichi ya kuchoma, kisha akalalamika kwamba ni magumu, akila.

Kisha kuna jambo la ufunguo.

Nilikuwa kidato cha tatu. Sikio la kushoto lilinisumbua kidogo, nikaenda kwake bila kutumwa. Sikumkuta upenuni. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikamkuta amekaa, redio iko miguuni, macho ameyafumba kwa raha kama paka kwenye jua. Kichwa alikuwa amekiinamisha upande, na ndani ya sikio, akiuzungusha taratibu, ulikuwepo ule ufunguo mdogo wa kufuli la baiskeli yake.

Nadhani nilivuta pumzi kwa nguvu. Alifumbua macho.

"Umeona nini?"

"Ufunguo."

"Haujaona kitu."

"Lakini Dresa, wewe si ndiye husema—"

"Mimi ni fundi. Fundi anajua mwisho uko wapi." Aliufuta kwenye suruali, akautia mfukoni. Halafu sauti ikashuka, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiomba. "Usiambie mtu, msichana wangu. Wakijua, kesho kila mtu atarudi kwa kijiti yake. Watasema, si hata Dresa?"

Nikaahidi. Siku hiyo alinitia mafuta yeye mwenyewe, matone manne badala ya matatu. Nililichukulia lile tone la nne kuwa muhuri wa mkataba.

Niliutunza. Nilipopata barua ya chuo, alikuja kwetu kwa baiskeli kunipongeza, na pongezi zenyewe zilikuwa hivi: "Huko utaona vijiti vyenye pamba, vya dukani, vizuri sana. Usiweke. Hata kama ni vya watu waliosoma." Nilitazama mfuko wake wa suruali. Aliniona nikiutazama. Tukacheka wote wawili, na Mama akauliza tunacheka nini, tukasema hakuna kitu.

Hata Bungoma nimekwenda naye kichwani. Nafundisha upande wa Sirisia, na muhula wa kwanza walimu walinionya juu ya msichana mmoja wa kidato cha kwanza, kwamba ni jeuri, anaitwa haitiki. Nilimchukua pembeni, na kabla sijafikiri, jambo ambalo ni nadra kwangu, nikasikia mdomo wangu ukiuliza, "Uliweka nini huko ndani?" Alinitazama kana kwamba mimi ni mchawi. Ilikuwa punje ya mahindi. Walikuwa wakishindana bwenini. Nilimpeleka hospitali Bungoma mjini siku hiyo hiyo, maana ile haikuwa nta, ile ilikuwa na wenyewe. Sasa akiitwa anaitika kabla jina halijaisha.

Kwa hiyo nilipolala siku zile tatu nikiangalia mabati, sikuwa nawaza juu ya mzee yeyote tu. Nilikuwa nawaza: ikiwa ni nta, nami nimekaa kimya, basi mtu huyu ataondolewa nyumbani kwake, atanyang'anywa baiskeli, atakaa Moi's Bridge kwenye kiti cha watu wengine akitazama midomo ikicheza, kwa sababu ya adabu yangu. Na ikiwa si nta? Nitakuwa nimemwaibisha bure. Na kulikuwa na ugumu mwingine ambao haukunijia mpaka Jumamosi: Dresa hasikii. Ili kumuuliza juu ya siri yake ingenibidi kupiga kelele, na mbele ya nyumba yake kuna foleni ya posho mill.

Jumapili, kanisani, Dresa alikaa mpaka wimbo wa mwisho ukaisha. Alikaa hata baada ya kuisha, akatazama huku na huku, akaona watu wamesimama, akasimama. Hicho ndicho kilichonimaliza.

Nilimfuata nyumbani kwake. Sikumkuta kwenye kigoda chake. Alikuwa amekaa kwenye benchi, lile la wagonjwa.

"MULEMBE!" alipiga kelele.

Nilitoa daftari la maandalio ya masomo kwenye mkoba. Nikaketi karibu naye, nikaandika kwa herufi kubwa za ubaoni: *Uliweka nini huko ndani?*

Nikampa.

Alilishika mbali na macho, akasoma. Akanitazama. Akasoma tena, mtu yule ambaye hakuwahi kungoja sentensi ya mwenzake iishe. Ng'ambo ya barabara wanawake wawili walikuwa wakibishana kuhusu debe, na nilijua kwamba yeye anaona mikono yao tu. Nilianza kuandika samahani. Kabla sijafika herufi ya tatu, akaingiza mkono mfukoni, akatoa ule ufunguo mdogo, akauweka katikati ya daftari.

Kisha akainamisha kichwa, akanigeuzia sikio.

Nilimulika kwa tochi ya Mama, niliyokuwa nimeitia mkobani asubuhi, nikivuta juu na nyuma kama alivyokuwa akivuta mwenyewe. Ndani palikuwa peusi, pamejaa mpaka mlangoni. La pili lilikuwa hivyo hivyo. Nikaandika maswali yake yote, moja baada ya jingine, nikiogopa kusahau hata moja: Linauma? Linatoa usaha? Limewahi kutoboka? Unasikia kizunguzungu? Alitikisa kichwa kukataa kwa kila moja, tena kwa ukali wa mtahini. Chini ya swali la mwisho akachukua kalamu, akaandika: *Siku tano. Usiniharakishe.*

Nilikuja asubuhi na jioni, tangu jioni ya Jumapili ile mpaka Ijumaa. Kila mara nilimpa matone matatu, naye kila mara aliinua vidole vinne. Jumatano nilijiwa na hofu mpya, kwamba mimi ni mwalimu wa jiografia na nani amenipa ruhusa. Nikamwandikia kwamba labda twende hospitali Kitale, kwa watu wenye vifaa, nami nitakaa naye mpaka aitwe. Alisoma, akaandika jibu: *Tukishindwa Jumamosi, tutaenda. Sitakataa tena.* Nikakubali. Kwa mara ya kwanza jambo lilikuwa na pande mbili na zote mbili zilikuwa na mlango.

Jumamosi nilichemsha bomba lake la chuma, nikamweka kwenye kigoda, taulo begani. Nikampa bakuli alishike mwenyewe. Nilipima maji kwenye mkono wangu, halafu kwenye wake. Alifikiri, akatikisa kichwa. Nikaongeza ya baridi kidogo. Akakubali.

"Juu," alitangaza, kwa kelele, kwa posho mill nzima. "Na nyuma! Bomba liangalie ukuta! Polepole!"

Nilisukuma. Hakuna kitu. Nikasukuma tena. Mkono wake haukuinuka, lakini vidole vilikaza ukingo wa bakuli. Ya tatu, hakuna. Ya nne, kitu kikaanguka, kirefu, cheusi, kina michirizi, na nikajua ni michirizi ya meno ya ufunguo.

Alitulia kabisa. Mashine ya ng'ambo ilikuwa ikisaga. Aliigeukia polepole, akaitazama muda mrefu kama mtu anayetazama ndugu aliyerudi.

"DRESA!" nilipiga kelele, machozi yakinitoka. "UNASIKIA?"

"Punguza sauti, mwalimu," alisema, kwa sauti ya kawaida ambayo sikuwa nimeisikia tangu nirudi. "Watu wanasikia."

Nilianza kusema jambo nililokuwa nimelitayarisha wiki nzima, juu ya bakuli la chuma, na imla, na miaka yote ile. Lilikuwa refu, na najua lilikuwa na pande nyingi. Nilingoja anikatize. Hakunikatiza. Alilisikiliza lote, mpaka neno la mwisho, maji yakimdondoka kwenye kola.

"Sawa," alisema. Aliuchukua ufunguo kutoka kwenye daftari, akautia kiganjani mwangu, akavifunga vidole vyangu juu yake. "Enda nao Bungoma. Baiskeli italala ndani."

Kisha akageuza kichwa, akaliweka bakuli chini ya sikio la pili.

"Kesho kijana yangu anakuja. Nataka nimsikie na yote mawili. Hayo maji yamepoa, kapashe mengine."

Nikaenda nikayapasha, nikayapima mkononi mara moja tu, nikarudi.